Walimziba Diriye Pengo

Siku ilianza vizuri, siku ya kawaida tu. Jua ya Garissa ilikuwa imekaa juu ya mabati kama mama mkwe amekuja kutembea na hana haraka ya kurudi. Mimi nilikuwa kwa duka yangu hapa Bulla Iftin, nimemaliza chai ya maziwa ya ngamia, nabishana na wateja. Maneno ilikuwa moja: ile filamu ya zamani, Msafara wa Chumvi, imetolewa upya kwa diski. Tununue ama tusinunue?

Waliniuliza mimi Mutuku kwa sababu kutoka daraja ya Tana mpaka Rhamu hakuna binadamu anajua filamu kunishinda. Sikusoma. Darasa la kwanza niliona kwa dirisha tu. Lakini hiyo filamu nimeiona mara elfu kumi. Zamani nilikuwa naionyesha kwa banda yangu ya video, nasimama kando ya TV na maikrofoni natafsiri, na watu walitoka Dagahaley, walitoka Diff, wengine na miguu, kuja kusikia hii koo. Siku moja nilitafsiri mpaka ngamia aliyefungwa nje akatoa machozi. Uliza mtu yeyote.

Hiyo filamu ilipigwa huku huku kwetu. Wazungu walikuja na mahema na mashine zao, wakachukua wenyeji na ngamia wao, wakapanga msafara. Kwa hivyo boma nyingi za hapa ziko na mtu wao ndani. Jirani yangu Yarrow, anauza kamba na mitungi duka la pili kutoka kwangu, yeye alikuwa na baba yake. Diriye. Yule anaongoza ngamia wa mbele. Diriye alikufa Yarrow akiwa bado tumboni, na hakuna picha ingine yake duniani. Hata kitambulisho hakuwahi kuchukua. Ni pale kisimani tu: anasimama, anageuka, anacheka. Kovu kwa shavu, pengo kubwa meno ya mbele. Halafu anarudi kwa ngamia wake. Basi.

Mama yake Yarrow, Hooyo Ilwad, hooyo ndiyo mama kwa Kisomali, alikuwa anakuja kwa banda kila mwaka kuona huo mcheko. Anabeba kikombe ya maziwa, anaiweka mbele ya TV, na Diriye akigeuka anamsalimia na kumpa habari ya nyumba. Ngamia fulani amezaa. Mvua imekataa. Mtoto ameoa. Mimi na huu mdomo wangu naweka maikrofoni chini.

Halafu deki yangu ikatafuna ile kanda. Joto ya huku inapika plastiki kama maandazi. Ikaisha hivyo.

Sasa Hooyo Ilwad alikuwa mgonjwa. Macho imeingia ukungu, kifua inapiga filimbi. Alimwambia mtoto wake kitu moja tu: anataka kuona uso wa Diriye kabla hajaenda. Ndio Yarrow akaja dukani siku hiyo, akanishika mkono.

"Walaal, ndugu yangu, hiyo mbya ni fizuri ama ni takataka?" aliniuliza, kwa ule ulimi wa Kisomali wa huku, p inakuwa b, mara ingine v inakuwa f. "Leo sema ukweli. Uongo yako ya kila siku inaweza kujaza Tana mbaka ifunje daraja."

"Bado sijaiona," nikamwambia. "Lakini Mutuku akiona mara moja tu, atajua."

Akainunua. Bei ya mbuzi mzima, tena mwenye mimba. Sanduku yenyewe ilikuwa inang'aa kama jeneza ya tajiri. Sahara, bibi ya Yarrow, ndiye alitusomea maandishi ya nyuma: ati imesafishwa na mitambo ya kisasa, ati ni safi kuliko siku ile ilipigwa.

"Safi kuliko siku ilipigwa?" nikauliza. "Sasa huo uchafu wametoa wapi, kama siku hiyo haikuwa?"

Sahara alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka kwa sauti.

Tuliiweka baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Yarrow, pazia imeshushwa kwa sababu ya jua. Hooyo Ilwad tukamkalisha karibu kabisa na TV. Alikuwa amevaa gauni mpya ya dirac, amejipaka udi, mwanamke mzima ananukia kama bibi harusi. Kikombe ya maziwa iko mkononi, povu imesimama juu yake kama kofia.

"Mutuku," alisema, "wewe redio yenye betri haiishi. Leo usitafsiri. Diriye namsikia mwenyewe."

Filamu ikaanza. Na ndugu yangu, ilikuwa takataka.

Mchanga wetu mwekundu wameugeuza rangi ya sabuni ya kufulia. Watu wote ni kama wamepakwa mafuta ya mgando: jasho hakuna, kunjo hakuna, kinyweleo hakuna. Mzee wa miaka mia ana mashavu ya mdoli. Kwa kanda ya zamani ilikuwa na mikwaruzo, ndio, mvua mvua ilikuwa inapita kwa kioo, lakini ungehesabu ndevu ya mtu moja moja. Hii ni nta. Ni mishumaa inatembea. Ule wimbo wa kunywesha ngamia, wanaume wanaimba wakivuta maji, wameutoa, wakaweka kinanda ya harusi. Na vumbi! Walitoa vumbi! Msafara mzima unapita jangwani, ngamia wanakanyaga, na vumbi haitoki. Ni jini peke yake hutembea hivyo.

Hiyo ya mwisho niliisema kwa mdomo. Hakuna mtu alicheka.

Nilitaka tuzime. Lakini Hooyo alikuwa ameinua uso wake, anangoja. Wewe ungemzimia?

Msafara ukafika kisimani. Mtu wa mbele akasimama. Akageuka.

Kovu haikuwa. Nafikiri kompyuta ya hao watu ilidhani kovu ni uchafu wa kanda, ikaifuta. Shavu ilikuwa laini kama yai. Akafungua mdomo acheke, na pengo pia haikuwa. Walimziba pengo. Meno meupe, yote, yamepangwa kama vigae ya choo ya hoteli.

"Mutuku," Yarrow akaninong'oneza. "Huyu nani?"

Mimi nikasogea mpaka kioo nitafute hiyo kovu.

Lakini Hooyo Ilwad hakuona meno. Macho yake ilikuwa na ukungu. Yeye aliona kivuli imesimama pale Diriye husimama, imegeuka pale Diriye hugeuka. Akanyoosha mkono, akaweka kikombe chini mbele ya TV.

"Soo dhawow, Diriye," alisema. Yaani karibu. "Assalaam aleykum."

Kama wewe si mtu wa huku, sikiza vizuri. Huku mgeni akishapewa maziwa ndani ya nyumba, amekuwa wako. Hata akiwa adui amemwaga damu ya ndugu yako, humfukuzi. Unalala ukimlinda. Hiyo sheria ilikuwa kabla ya serikali.

Kwa kanda ya zamani Diriye anacheka kidogo, anarudi kwa ngamia. Huyu hakurudi. Nyuma yake maji yalimwagwa. Ngamia wakanywa. Watu wakapita. Yeye alibaki tu. Anatuangalia. Anacheka. Kifua haipandi.

"Diski imekwama," Yarrow alinong'ona.

"Haijakwama. Angalia maji."

Kinanda ikanyamaza yenyewe.

"Wa aleykum salaam."

Haikutoka kwa TV. Mimi najua spika, nimetengeneza spika zaidi ya idadi ya mbuzi Wajir. Hiyo sauti ilitoka chini. Hapo karibu na kikombe.

Niliangalia kikombe. Maziwa ilikuwa imejaa vile vile, hata tone haikupungua. Lakini povu haikuwa tena. Maziwa ilikuwa imelala laini, imekaza, kama rangi ya ukuta ndani ya mkebe. Sijawahi kuona maziwa haitingishiki.

Mimi nimepigana na mamba wa Tana na ndoo tu mkononi. Siogopi. Lakini siku hiyo nilivuta waya kwa ukuta mpaka plagi ikaruka. TV ikafa. Chumba ikawa giza ya pazia, joto, harufu ya udi. Na juu ya udi, harufu ingine. Mshumaa umezimwa sasa hivi.

"Hooyo," Yarrow alinong'ona. "Si baba huyo. Mwambie atoke."

Hooyo Ilwad aligeuza kichwa polepole, kama mtu ananusa mvua.

"Sauti si yake," alisema. "Lakini ameshabewa maziwa."

Yarrow alipasua ile diski na nyundo jioni hiyo. Vipande akatupa choo. Mimi nilisema basi, imeisha, nikaenda kulala, na nililala vizuri kwa sababu mimi ni mwanaume.

Asubuhi Hooyo akaniita. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono imeshikana.

"Mutuku, wewe uliona filamu kushinda watu wote. Nikumbushe kitu. Bengo ya Diriye ilikuwa ubande gani?"

Nilicheka. Hiyo ni swali ya kuuliza mfalme wa filamu? Nikafunga macho nimwangalie Diriye vizuri. Kisima ikaja. Ngamia wakaja. Diriye akageuka.

Meno meupe. Yote.

Nikajaribu tena. Nikatafuta kovu. Shavu ya yai. Mara elfu kumi nimemwona huyo mtu. Elfu kumi! Na hawa takataka na mitambo yao waliingia mpaka ndani ya kichwa yangu wakapangusa.

"Hooyo," nilisema. "Hayuko."

"Hata kwangu hayuko," alisema. "Alikuwa bwana yangu. Nikimwita, anakuja huyu."

Tukamuuliza Yarrow. Yarrow alifunga macho, akafungua haraka, akatoka nje bila viatu.

Toka siku hiyo Hooyo Ilwad hakula. Sahara alikuwa ananiambia habari kwa ua, mdomo karibu na miti, hataki kusikika ndani. Alisema mama anaongea mchana kutwa na mtu ameketi karibu naye. Nikasema hiyo ni kawaida, siku zote alimpa Diriye habari ya nyumba.

"Si habari anampa," Sahara alinong'ona. "Anamuuliza. Anasema, wewe ni nani? Na yule wangu umemweka wabi?"

"Na anajibiwa?"

Sahara aliangalia nyuma yake kwanza.

"Anachekwa," alisema.

Wakaleta sheikh, akasoma. Wakafukiza. Sheikh alikuwa mtu mzuri, alitoka hapo amelowa jasho, akamwambia Yarrow kitu moja: mgeni aliingia kwa mlango, mwenye nyumba ndiye alimkaribisha, na mwenye nyumba peke yake ndiye anaweza kumwambia aende. Yarrow akapiga magoti mbele ya mama yake. Akalia, mwanaume mkubwa hivyo.

"Mwambie aende, Hooyo. Nakuomba."

"Akienda," Hooyo alisema, "nitabaki na nani? Yule mwingine wameshafuta."

Alikufa Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Sahara na wamama wawili ndio waliosha maiti. Walitoka, wakakataa chai. Ni baadaye sana Sahara aliniambia, tena kwa ua, tena kwa kunong'ona.

"Uso wake haukuwa na kunjo hata moja. Mimi nimemtunza huyo mama, namjua. Alikuwa na alama ya kuchomwa na chuma hapa kwa baji la uso, ya ugonjwa wa utoto. Haiko. Mikono laini. Vidole, Mutuku. Ile mistari ya kidole, haiko. Na tulimfungua mdomo kumsukutua."

"Halafu?"

"Akiwa hai alikuwa amebakisha meno mawili tu. Unajua hivyo."

Sikumuuliza alihesabu mangapi.

Sasa watu bado wanakuja dukani. Mfalme, tununue ile diski mpya? Sanduku yake ni nzuri. Na mimi natema mate chini, mbele yao, kabla sijajibu. Kama una kanda ya zamani, na mikwaruzo yake, na mvua yake, funga kwa kitambaa, weka mbali na jua, lala nayo. Kama huna, kaa bila. Ni heri kumkosa mtu wako kuliko kuletewa huyu. Wengine wananiambia Mutuku umezoea kutia chumvi. Haya. Nunueni. Mwekeeni maziwa.

Juzi Sahara aliniita tena. Safari hii hakusema kitu kwa ua, alinivuta mkono mpaka ndani, kwa kile chumba. Wametoa TV, wametoa godoro, kumebaki mkeka wa makuti pekee, ule marehemu alikuwa anakalia. Akanionyesha na kidole. Katikati ya mkeka kuna mahali misuko imepotea. Haijaungua. Haijachakaa. Imelainika tu, inang'aa kama kucha, umbo ya mwanaume ameketi amekunja miguu. Sahara ameisugua na brashi na mchanga. Misuko haikurudi.

"Hii tuliiona siku ya mazishi," alinong'ona. "Sasa angalia kando."

Nikainama. Kando yake kulikuwa na umbo ya pili, mpya, ndogo, ya mtu mwembamba kama Hooyo Ilwad. Na ilikuwa imesogea mbali na ile kubwa, mpaka ukingo wa mkeka, kama mtu anajaribu kuondoka.

Ile kubwa ilikuwa imeanza kusogea kuifuata.