Nina Maslahi na Mtahiniwa Huyu

"Mwenyekiti, kabla hatujaanza, naomba nitoke."

Vichwa vyote katika chumba cha mikutano vikageuka. Watahini walikuwa wameshafungua nakala zao za tasnifu, na mtahiniwa mwenyewe alisimama mbele, karibu na skrini, tai imemkaba kama kamba ya mbuzi.

"Utoke uende wapi, Daktari?" aliuliza mwenyekiti wa jopo, ambaye ndiye pia mkuu wa idara. "Wewe si ndiye mtahini wa ndani?"

"Ndiyo maana natoka. Nina maslahi na mtahiniwa huyu."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mna biashara pamoja?"

"Hatuna."

"Sasa maslahi gani, mama?"

Daktari akavua miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyefundisha sera za umma na utawala kwa wanafunzi wa uzamili hadi wakubwa wengi wa mji ule wakawa wamepita mikononi mwake. Darasani sauti yake haikuwahi kutetemeka. Siku hiyo ilitetemeka.

"Nampenda," alisema. "Yeye hajui. Hakuna lolote lililotokea kati yetu. Ila siwezi kumpa alama."

Akatoka. Hakuthubutu kumtazama yule mwanamume pale mbele.

Mwanamume huyo alikuwa afisa wa maji wilayani, mgane mwenye binti mmoja aliyekwisha olewa. Darasani wenzake walimwita Bwana Maji. Hakuwa msemaji. Kilichomponza Daktari kilikuwa swali moja tu, alilomuuliza Jumamosi moja baada ya kipindi, wakati wengine wameshaondoka naye anamsaidia kukunja waya wa projekta.

"Daktari, samahani. Jumapili huwa unakula na nani?"

"Na redio."

Bwana Maji alicheka. Kisha akamwona usoni, kicheko kikamwishia mdomoni.

"Pole," alisema, akaondoka zake.

Pole hiyo ndiyo iliyoingia ikakaa. Tangu hapo Daktari akawa mkali kwake kuliko kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Akimwona kwenye korido, anageuza njia. Nyumbani anaweka sahani mezani, anabaki kuitazama mpaka chakula kinapoa.

Habari za jopo zilisambaa chuoni kabla hata hajafika ofisini kwake. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Mpwa mmoja wa pale chuoni alikuwa ameshamwaga mtama.

"Mwanangu, ninayoyasikia ni kweli?"

"Kweli, mama."

"Wenzio hutongoza vichochoroni, wewe umekwenda kutongoza mbele ya kamati!"

"Sikutongoza, mama. Nilijitoa."

"Haya. Na yeye kasemaje?"

"Sijui," alisema Daktari. "Sikumtazama." Mama yake akalisikia hilo, akalegeza sauti.

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, mama. Mapenzi hayashibishi."

Siku ya pili mlango wa ofisi uligongwa. Alikuwa Bwana Maji. Hakukaa.

"Mtihani wangu umeahirishwa," alisema. "Mkuu wa idara ameagiza kazi zangu zote ulizosahihisha zipelekwe kwa mwalimu wa chuo kingine, zisahihishwe upya."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Inavyotakiwa? Daktari, mimi ni mtu mzima. Nimesoma huku nafanya kazi, macho yameniuma, mgongo umeniuma. Leo wenzangu wananiuliza kama shahada yangu nimeipata darasani au chumbani!"

"Ningenyamaza, wangekuja kuyasema hayo baadaye, na wangekuwa na haki."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekwambia nini? Mimi mwalimu wako, wewe mwanafunzi wangu. Ungewezaje kunikatalia?"

Bwana Maji alishika kitasa cha mlango. Akaondoka bila kuaga, na hatua zake zikasikika mpaka mwisho wa korido.

Muhula ukasonga. Daktari alifundisha kama kawaida: bajeti, uwajibikaji, ugatuzi. Wanafunzi walimjibu kwa adabu iliyopitiliza. Kwenye chumba cha chai, walimu wenzake walihama mada akiingia. Mwishowe akaanza kunywea chai ofisini, mlango umefungwa, akijiambia ana kazi nyingi. Hakuwa nazo. Alikuwa akikaa tu, anatazama watu wakipita uani wawili wawili.

Kisha mkuu wa idara akamwita.

"Kaa, Daktari. Matokeo ya yule bwana yamerudi."

"Yameshuka?"

"Yamepanda. Kila kazi. Yule mwalimu wa nje anauliza ulikuwa na ugomvi gani na kijana wa watu." Akamtazama juu ya miwani. "Mama, sisi wengine tukipenda tunapendelea. Wewe ukipenda unakandamiza?"

"Niliogopa mkono wangu," alisema Daktari. "Nikauzuia kupita kiasi. Nimemkosea."

"Umemkosea kweli. Barua ya onyo utaipata, sina namna. Yeye ametetea tasnifu yake jana, amefaulu."

Daktari alirudi ofisini, akaandika ujumbe kwenye simu, akaufuta, akauandika tena:

"Hongera. Alama zako nilizibana bila haki. Nisamehe. Sitakusumbua tena."

Jibu halikuja siku hiyo wala iliyofuata.

Jumapili mvua ilikuwa ikinyesha alipopigiwa simu.

"Mimi hapa," alisema Bwana Maji. "Ujumbe wako nimeusoma mpaka nimeukariri. Nilikasirika, nikasema mwanamke huyu kaniaibisha, kisha kaniminya alama."

"Una haki."

"Subiri nimalize, usinifundishe leo. Binti yangu kaniuliza, 'Baba, mbona hasira hii haiishi? Mtu usiyemjali humkasirikii hivi.' Nikachukua simu." Akapumua. "Sijui kama nakupenda. Nilikuheshimu, nikakuogopa. Huko kwingine bado sijafika. Sitaki kukudanganya."

"Sikuombi unipende."

"Najua. Wewe huombi kitu. Ndiyo shida yako." Akakohoa kidogo. "Siku hizi mimi si mwanafunzi wako, sivyo?"

"Si mwanafunzi wangu."

"Basi nikitaka kukataa naweza?"

"Unaweza."

"Na nikitaka kuja?"

Daktari alishika simu kwa mikono miwili.

"Njoo," alisema.

Alipofungua mlango alimkuta amelowa chapachapa. Bomba kuu lilikuwa limepasuka, naye alitokea huko huko kazini, suruali imejaa tope hadi magotini. Alitazama sakafu iliyokuwa ikimetameta nyuma ya Daktari, nyumba ambayo kila kitu kilikaa pale kilipowekwa, akasita kizingitini.

"Nina matope," alisema.

"Ingia nayo," alisema Daktari, akasogea kumpisha.