Nahodha Aliyepewa Sauti

Sleyum alilamba sahani. Sleyum huyu huyu, mkurugenzi wa idara wizarani, huko Al Khuwair, mtu wa kupangusa kijiko kwa tishu hata nyumbani kwa mamake mzazi, Jumamosi mchana aliinua sahani ya biriani kwa mikono miwili akailamba hadi ikang'aa, kisha akavuta ya binti yake, Mazoon, akailamba nayo.

"Baba! Uchafu gani huu?"

Alicheua.

Tuseme kweli: mambo yalianza kwa maringo. Katika sanduku la babu yake, Sleyum alikuta mikanda miwili ya senema ya zamani isiyo na sauti, kisa cha nahodha haramia wa baharini, iliyotolewa katika riwaya ya Kizungu. Huko Unguja, babu huyo ndiye aliyekuwa akisimama kando ya pazia kuwasemea watu wa kwenye picha. Mkanda wa pili ulikuwa umeoza, umegeuka uji wa kahawia unaonata na kunuka soksi zilizolowa siki. Wa kwanza ulipona. Fundi akauhamishia kwenye kompyuta, na Ijumaa, mbele ya wageni waliojaa sebuleni kwake Azaiba, karibu na pwani, Sleyum akasimama kando ya televisheni kumwigiza babu.

Mamake, Bi Kheiria, alimvuta kanzu. "Sleyum, baba, sema 'nahodha anasema'. Usiseme 'mimi'. Baba mkwe wangu hakuthubutu hata siku moja. Yule hana sauti. Ukimpa yako, ataifuata."

"Mama nawe! Hayo ya zamani."

Nahodha alipotokea, ndevu zinameremeta mafuta, Sleyum akanguruma: "Mimi ndimi nahodha! Nna njaa! Leteni vyenu vyote!"

Wakampigia makofi. Watu wazima, na elimu zao.

Kufika Jumatatu alikuwa haogi, haendi kazini, na shingoni mwake ulimtoka ute wa kahawia ulionata kwenye mto wa kulalia hata ukiuvuta unafuatana nao nyuzi nyuzi, na Mazoon alipoingia jikoni adhuhuri alimkuta ameinama kwenye sinki anafyonza matumbo ya jodari, magamba yamemganda ndevuni, na alipomgeukia midomo yake ilicheza kimya, kimya kabisa, ndipo sauti ikaja baadaye, si kinywani mwake, bali katika pembe ya chumba, nyuma ya mgongo wa binti: "Kuna zaidi?"

Mazoon alitapika palepale.

Akaitwa Mwalimu Msellem, mganga wa Kitabu. Alisoma hadi jasho likamtiririka, kisha akamnong'oneza Mazoon mlangoni. "Nishatoa pepo wa bahari na wa nchi kavu. Huyu kaja na hadithi, na hadithi yake imekatwa katikati. Imalizwe, atakwenda nayo. Mwisho wake uko wapi?"

"Kwenye mkanda uliooza," alisema Mazoon. Halafu akaruka. "Riwaya! Riwaya ipo!"

Aliipata kwenye simu, kitabu kikuukuu, bure.

"Utazame kwanza mwisho," alisema Msellem.

"Nitazame nini, Mwalimu? Haramia gani hafi? Nitamsomea mpaka anyongwe, baba yangu arudi."

Akasoma, akifasiri sentensi kwa sentensi. Sleyum alikaa sakafuni, ametulia. Ute ukakauka. Rangi ikamrudia usoni, na Bi Kheiria akaanza kulia kwa furaha. Ikafika sura ya mwisho, ukurasa wa mwisho, na hapo Mazoon akaacha kusoma.

Nahodha hakunyongwa. Mfalme alimsamehe. Alimsamehe! Muuaji, mwizi, mteka wanawake, akapewa nyumba ya pwani akae humo mpaka uzee wake.

"Nahodha," Mazoon akasema, "akafa."

Midomo ya Sleyum ilicheza kimya. Kutoka pembeni ikaja sauti: "Soma kilichoandikwa."

Mazoon akakaza meno. Sauti ikarudia, sasa sikioni mwake, kwa pumzi ya moto, na Sleyum akaanza kukabwa pale alipokaa, macho yanamtoka, kucha zinakwaruza sakafu, baba yake anakufa mbele yake, basi akasoma. Yote.

Sleyum akavuta pumzi ndefu. Akaitazama sebule, pazia, zulia, mamake, binti. Akafungua kinywa, na safari hii mdomo na sauti vikaenda pamoja.

"Nyumba nzuri," alisema. "Chakula?"

"Alhamdulillah!" Bi Kheiria akapiga vigelegele. "Kasema mwenyewe! Mwanangu karudi!" Akainuka, akakimbilia jikoni kumpakulia.