Waya wa Chumba cha Mama Osob

Soko lote la Garissa lilikuwa limefurika wanunuzi wa Idd siku Guled alipoingia katika duka la vifaa vya sauti la Mzee Kulow. Kwenye kaunta alisimama Kaaha, mpwa wa Kulow, binti wa dada yake, kajifunga mtandio wa rangi ya machungwa uliomfanya Guled asahau salamu.

"Nataka waya wa kuunganisha deki ya kaseti na spika."

"Kuna wa kawaida, na kuna huu wa pini tatu. Huu sauti inapita katika nyaya mbili, kelele ya umeme ikiingia njiani inafutwa. Lakini kwa mwendo mfupi hutasikia tofauti. Ni mbali?"

"Karibu tu," alijibu Guled, macho kwenye uso wake.

"Basi chukua wa kawaida."

Aliondoka na waya, na namba ya simu. Wiki nzima walipigiana, wakicheka mpaka chaji ikaisha.

Siku ya Idd, Guled akaweka deki sebuleni na spika chumbani kwa mama yake, Osob, aliyekuwa hawezi kutoka kitandani. Waya haukufika, akaunganisha vipande vingine, akavipitisha kando ya nyaya za umeme. Akaweka kaseti ya marehemu baba yake akiwaimbia ngamia kule Bura. Ukatoka mvumo mtupu.

"Zima," mama alisema, akageukia ukutani. "Simsikii."

Kwa hasira Guled akapiga simu dukani. "Mzee, huyo msichana wako ameniuzia takataka!"

Kesho yake Kaaha akampigia.

"Abti Kulow, mjomba wangu mwenyewe, amenifukuza dukani kwa sababu yako. Huo waya una urefu gani?"

"Meta kumi na tano."

"Wallahi, Guled! Si uliniambia karibu?"

"Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakutazama."

"Kamwambie abti hayo," akakata simu.

Akaenda kweli, akasema mbele ya wateja: "Mzee, kosa ni langu. Aliniuliza vizuri, nikamjibu ovyo."

Alasiri hiyo Kulow na Kaaha wakafika nyumbani kwa Guled na waya mrefu wa pini tatu. Kaaha akauchomeka. Sauti ya baba ikatoka safi, akiwaita ngamia mmoja mmoja kwa jina. Mama Osob alilia kimya, kaushika mkono wa Kaaha asiuachie.

Mlangoni, Guled alinong'ona, "Kesho nawaleta wazee wangu kwenu, waje kuposa."

"Walete Ijumaa," Kaaha alisema, akivaa viatu. "Baba yuko Hagadera mpaka Alhamisi, na hilo nataka alisikie mwenyewe."