Vimondo Vilivyopanda kutoka Majini

Karatasi ya Emile ilinuka dagaa waliooza. Blandine aliinusa mara mbili, akasonya. Mumewe alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Zongwe, kando ya ziwa, alikokwenda kuhesabu vimondo.

Ndiyo kazi yao: Emile anatazama anga na kuhesabu, Blandine analinganisha na hesabu za watazamaji wa dunia nzima, kisha anatuma kituoni Ulaya. Safari hii wengine wote walikuwa wameona kama themanini kwa saa. Emile kaandika mia nne. Penye nafasi ya mawingu: anga yote imefunikwa. Penye mwelekeo: vinapanda, kutoka majini.

Karatasi ya namna hiyo hutupwa. Lakini ikitupwa, Kalemie, mji wao, ingetolewa kwenye orodha ya watazamaji, miaka tisa ya kazi iende bure. Kwa hiyo Blandine, mjinga wa watu, akafuta mawingu na mwelekeo, akashusha hesabu, na penye shahidi wa pili akatia sahihi kwamba naye ameona kwa macho yake. Akatuma.

Mchana Emile alikataa bukari, ule ugali wa muhogo. Alichokoa vichwa vya samaki kwenye ndoo ya taka, akavitafuna taratibu, ute ukimchuruzika kidevuni hadi kwenye shati, na funza aliyetambaa mdomoni akamrudisha ndani kwa ulimi, huku akimtazama mkewe bila kupepesa. Kinyaa gani hicho!

"Papa Emile, unakula nini?" Blandine alinong'ona.

"Papa Emile hayuko," sauti yenye maji ilijibu. "Weye njo ulisema umetuona. Tumekuja."

Blandine alikimbia kwa Mama Pétronille, mama wa maombi, akamweleza yote, wakarudi pamoja kwa Emile.

"Uongo wako njo mulango wao," Mama Pétronille alisema, pua kaziba kwa kitenge. "Ukane leo, ao utamuzika bwana yako."

Blandine akakiandikia kituo. Aibu ikamshika, hakujitaja: "Mmoja wetu hakuona kitu. Futeni jina lake."

Maombi yakiendelea, Emile alitapika magamba na matope meusi, ndoo nzima, akalala. Alipoamka aliomba chai. Ni yeye, jamani, ni yeye! Blandine alilia kwa furaha.

Jioni jibu likaingia kwenye simu: "Asante kwa ukweli, mama. Jina la Emile tumelifuta. Lako tumelibakiza."

Njaa kali ikamshika Blandine. Aliitazama ile ndoo ya matapishi, bado haijamwagwa, mate yakamjaa kinywani.