Alama Nyekundu ya Kwanza

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya ngazi ya zege, mguu mmoja umenasa kwenye mizizi ya mikoko. Maji yalikuwa yametoka. Kaa wadogo walikuwa wakipita juu ya mgongo wake kana kwamba ni gogo.

Inspekta Zamda alivua viatu, akakunja suruali, akashuka.

"Angalia utelezi, afande," Koplo Kondo alimwonya kutoka juu. "Hapa si pa kuamini."

Wanawake waokota chaza ndio waliomwona, saa nne asubuhi. Walikuwa wamesimama kando, vikapu kichwani, hakuna aliyetaka kuondoka wala kusogea.

"Mnamjua?"

"Nani asiyemjua?" mmoja alijibu. "Twalha huyo. Yule wa meseji za maji. Mtoto wa watu, jamani."

Zamda aliinama. Kisogoni palikuwa na jeraha. Chini ya kucha za mkono wa kulia palijaa utando wa kijani. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumba kipande cha shuka la buluu lenye maua ya njano, kimejaa tope. Hatua moja kutoka kichwa chake kilisimama kibao cha kupimia maji, namba zake zimepandwa na chaza na ukoga kutoka chini hadi juu, isipokuwa sehemu moja nyembamba iliyofutwa ikang'aa.

"Kipimo hiki kinasomwa na nani?"

"Bwana Hilal. Nyumba yake ile pale," Kondo alisema. "Nimeshamhoji. Hakuona mtu."

Adhuhuri, daktari wa Kibiti alivua glavu, akazungumza bila kumtazama.

"Amekufa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Kapigiza kisogo kwenye zege, lakini jeraha halikumuua. Mapafu yamejaa maji. Alizama akiwa amezimia."

"Aliteleza?"

"Anayeteremka akiteleza hukaa kitako. Huyu aliangukia kisogo huku akitazama juu ya ngazi. Na jambo jingine, Inspekta. Mtu angemgeuza tu uso, angekuwa hai."

Zamda aliporudi kituoni, mtuhumiwa alikuwa ameshawekwa mahabusu. Zain, miaka ishirini na minne, mtoto wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenzi wa marehemu katika kazi ya kompyuta. Mama yake, Sana, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, mtandio umemtoka kichwani na hana habari.

"Hawa wa dukani wana mambo yao," Kondo alinong'ona.

"Na wewe una yako. Nipe ushahidi."

Ushahidi ulikuwepo. Kwenye simu ya Zain palikuwa na meseji ya juzi aliyomtumia Twalha: *Ukiendelea na hilo jaribio lako, mimi na wewe basi.* Tena alikuwa amemwambia Kondo kwamba leo hakugusa kompyuta, na kumbukumbu za mashine zilionyesha saa tatu asubuhi aliingia akaizima kazi ya mwisho ya Twalha.

Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshaamua. "Kesho saa tatu anapanda kizimbani. Mauaji. Watu wa delta wanampenda yule marehemu, Zamda. Sitaki kelele."

Zamda alimtoa Zain mahabusu mwenyewe, akamkalisha.

"Umemuua Twalha?"

"Sijamuua."

"Ulimdanganya koplo."

"Niliogopa."

"Saa tatu ulizima kazi yake. Maiti imeonekana saa nne. Ulijuaje kwamba hatakuja kukuuliza?"

"Nilijua atakuja," Zain alisema. "Nilikaa na simu mkononi, nasubiri anigombeze. Jumatatu wafadhili wanakuja, na ukurasa wetu wote ulikuwa mwekundu kwa ajili ya lile swali lake."

"Swali gani? Nieleze kama unayemweleza mama yako."

Kijana alivuta pumzi. Programu yao iliitwa Bamvua, kwa jina la maji makuu, akasema. Ilikuwa huria. Maandishi yake yalikuwa wazi, mtu yeyote duniani angeweza kuyasoma na kuyarekebisha. Waliiandika wawili, kwenye stoo ya misumari ya duka. Ilikadiria maji yatapanda kiasi gani, na kila alfajiri meseji zilikwenda kwa watu elfu tatu wa delta: wenye mpunga, wenye mitumbwi, wakata boriti.

"Na hayo majaribio?"

"Ni kuhojiwa, afande. Kila siku mashine yenyewe inaiuliza programu maswali mia mbili na kumi ambayo majibu yake tunayajua. Ikijibu sawa, alama ya kijani. Ikikosea, nyekundu."

"Haichoki?"

"Haichoki, wala haiombi chai."

Kondo alikohoa mlangoni.

"Endelea," Zamda alisema.

"Wiki iliyopita Twalha aliongeza swali jipya. Kila asubuhi Bwana Hilal anatutumia kiwango cha maji alichokisoma kwenye kibao, tunalinganisha na utabiri wetu. Swali la Twalha lilikuwa hivi: je, vimelingana sawasawa, hadi sentimita, siku tano mfululizo? Vikilingana, iwe nyekundu."

"Mbona kulingana ndiko kuwe kosa?"

"Si ndiyo tuliyogombania! Mimi nilimwambia kulingana ndiyo sifa. Nikamwambia jaribio lako bovu. Yeye akasema data ndiyo mbovu, akasema ataamkia Nyamisati akaangalie kibao. Nikamwita mjinga."

Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha Zamda jambo moja kuhusu mashahidi. Watatu wakikueleza ajali moja, mmoja atasema gari lilikuwa jeupe, mwingine la kijivu, wa tatu hakuliona kabisa, na hao ndio wa kuaminiwa. Watatu wakisema maneno yale yale, wamekaa pamoja kabla ya kuja kwako. Mto una upepo wa kusi, una mvua za bara. Mto gani unasema kila siku kile kile alichosema mtabiri?

"Twalha hakuwa mjinga," alisema. "Kondo, lete kompyuta yake. Zain, hizi siku zinazolingana zilianza lini?"

"Sijui. Nilizima tu."

"Tafuta."

"Kuna siku mia mbili hamsini na sita. Tutagawa." Zain aliivuta kompyuta ya Twalha karibu. "Nazigawa katikati. Nusu ya kwanza naihoji peke yake. Ikiwa kijani, kosa liko nusu ya pili. Naigawa tena."

Nusu ya kwanza, kijani. Katika siku hizo mto na utabiri vilipishana, leo sentimita tisa, kesho kumi na nne, kama majirani wasioafikiana. Akagawa tena. Nyekundu. Akagawa tena. Zamda alisogeza kiti. Alikuwa hajawahi kuona mtu akihoji shahidi kwa subira ile.

Mara ya nane Zain aliondoa mikono kwenye mashine.

"Tarehe kumi na saba Aprili. Kuanzia hapo, hakuna hata sentimita moja ya tofauti. Hata moja, afande. Mtu ananakili meseji yetu, anaturudishia. Tunajihoji wenyewe, tunajisahihisha wenyewe."

"Kondo, kitabu cha matukio. Aprili."

Kondo alikileta, akafungua, akakisukuma mezani. *17 Aprili. Nusaiba binti Hashimu, miaka 36, mke wa Hilal wa Nyamisati. Amezama kwenye ngazi za kipimo. Ajali.* Mistari mitatu. Chini yake sahihi: Zamda.

Alijaribu kuukumbuka uso wa yule mwanamke, akakumbuka kwamba hakwenda. Alitia sahihi akiwa kwenye kiti hikihiki.

Alasiri gari la polisi liliwafikisha Nyamisati. Hilal alitoka kuwapokea, mtu wa miaka arobaini na tano aliyekonda haraka, kanzu ikimning'inia.

"Karibuni. Nilishamweleza koplo. Huyo kijana sikumwona."

"Nimekuja kwa jambo dogo, Bwana Hilal. Leo asubuhi uliyasoma maji?"

"Kama kawaida. Saa moja."

"Yalikuwa ngapi?"

"Mita moja na arobaini na mbili."

"Nionyeshe."

"Afande?"

"Twende kwenye kibao, unionyeshe mita moja na arobaini na mbili iko wapi."

Walitembea. Maji yalikuwa yamerudi, yakilamba ngazi za chini. Zamda alishuka hatua nne, akageuka. Hilal alikuwa amesimama juu kabisa, vidole vya miguu vimekunjika ndani ya makubazi, jasho likimtiririka mashavuni.

"Njoo."

"Naona kutoka hapa."

"Kutoka hapo huoni kitu. Kibao kimejaa chaza. Kuna mahali pamoja tu palipofutwa, karibu na mita moja na sabini, na alipafuta Twalha kwa kucha zake na kwa kitambaa. Pengine pote hapajasomeka kwa miezi. Shuka, Bwana Hilal."

Hilal aliinua mguu. Ulibaki hewani, ukarudi pale pale.

"Kitambaa chenyewe kilikuwa cha shuka la buluu, maua ya njano," Zamda aliendelea kwa sauti ya chini. "Nusu yake nimeiona sasa hivi imetundikwa dirishani kwako. Nani alimpa?"

Kondo alisogea nyuma ya Hilal, pingu mkononi. Zamda akamkataza kwa jicho.

"Mimi," Hilal alisema. Alikaa chini palepale.

"Uliwahi kuyasoma maji tangu Aprili?"

"Siku hiyo nilikuwa na usingizi. Nimeswali alfajiri, nikarudi kulala. Nikamwambia Nusaiba, leo nenda wewe. Basi. Nilimwambia hivyo tu, leo nenda wewe. Akacheka, akasema, mshahara tutagawana." Alijifuta uso kwa ukingo wa kanzu. "Tangu siku hiyo nilitaka kuacha kazi. Lakini nikiacha wataleta mtu mwingine asimame pale, na Nusaiba atafutwa kabisa. Nikasema nitaituma namba. Namba ilikuwa inakuja yenyewe kwenye simu kila alfajiri. Niliirudisha."

"Na Twalha?"

"Alikuja kwa adabu. Shikamoo kaka, naomba kitambaa. Nikampa, nikidhani atafuta, ataondoka. Akafuta, akasoma, akaniita. Kaka Hilal, njoo, shuka usome na mimi, huu uongo utaua watu. Akapanda akanishika mkono. Hakunivuta kwa ubaya, afande. Alinivuta kama unavyomvuta mtu kwenye chakula. Lakini alikuwa amesimama kwenye hatua ile ya Nusaiba. Ile ile. Nikamsukuma anitoke."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Akaingia majini, mgongo juu."

"Maji yalikuwa ya kina gani?"

"Ya kiunoni."

"Hukushuka?"

Hilal aliyatazama maji kwa mara ya kwanza.

"Nilisimama hapa. Nilimwita jina. Miguu haikwenda. Niliona vile viputo vikitoka, vikaisha. Kisha meseji ya alfajiri ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Nikairudisha."

Kondo alishusha pingu. Mpaka wanaondoka hakumfunga, alimshika tu mkono, na Hilal akafuata.

Kituoni, maelezo yake ya onyo kama mtuhumiwa yalichukua kurasa sita. Hilal alipomaliza kutia sahihi hakuinuka.

"Na ya Nusaiba?"

"Yaliandikwa Aprili," Kondo alisema.

"Hakuna aliyeniuliza kitu Aprili."

Zamda alivuta karatasi mpya. "Anza alfajiri ile," akasema. "Taratibu."

Asubuhi, saa mbili na nusu, mkuu wa upelelezi alitia sahihi hati ya kumwachia Zain bila kuinua macho. Sana hakuwa ameondoka kwenye benchi. Alimkumbatia mwanawe, akamsukuma amtazame, akamkumbatia tena.

"Twende, baba. Tangu jana hujala."

Zain hakusogea. Zamda alikuwa amemweleza yote, na aliyasikiliza hadi mwisho bila kuuliza ila jambo moja, kama maji yalikuwa ya kiunoni kweli.

"Afande, naomba ile mashine. Dakika mbili."

"Ni kielelezo cha kesi."

"Nifanye mbele yako. Meseji ya kesho itakwenda kwa watu elfu tatu, na wanaamini tunapima."

Zamda aliiweka mezani. Zain aliandika tangazo kwanza: kipimo cha Nyamisati hakijasomwa tangu tarehe kumi na saba Aprili, msiutegemee utabiri wetu mpaka tuwajulishe. Kisha akafungua jaribio alilolizima, akaondoa mstari aliouandika kulizima. Mashine ikamuuliza sababu ya badiliko, kama inavyomuuliza kila mtu. Aliandika mengi, akayafuta. Akaandika tena, akafuta. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani.

*Nimerudisha swali la Twalha,* aliandika mwishowe. *Aliyekosea ni mimi.*

Akabonyeza. Wakasubiri wote watatu mpaka alama ikawa nyekundu.