Ugali wa Kwanza

Siku Fakihi anamwona Genoveva kwa mara ya kwanza, sokoni Tandika, tayari alikuwa ameelekeza bambo kwenye gunia la mahindi ili achote punje za kukagua. Wapagazi walipita wakipiga miruzi na vumbi la pumba lilijaa hewani. Genoveva, gauni la kitenge cha njano na kalamu sikioni, akamshika mkono.

"Hapa hatutoboi magunia, kaka. Mzigo wetu tunaula wenyewe kwanza."

Akamweleza. Babu yake, mzee Leodegar, alianza na magunia mawili ya maharage kutoka Bukoba, akaapa kuwa mzigo mpya hautauzwa kabla familia haijaupika na kuula. Baba yake, Projestus, alirithi ghala pamoja na kiapo.

"Na mie nikitaka kula?"

"Utasubiri ukaribishwe."

Alikaribishwa. Fakihi alikuwa na mashine ya kusaga Kiwalani na aliuzia shule ya jirani unga wa uji. Mwaka haukuisha wakawa wapenzi wa kupigiana simu asubuhi na jioni, na kwa kuwa mahindi sasa alinunua kwao tu, bambo lake likaota kutu. Posa ilipangwa kupelekwa Tabata, nyumbani kwa akina Genoveva, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Masika ya mwaka huu lori lao lilikwama njiani, turubai likavuja. Mahindi yalifika yana joto, mengine yameota ukungu wa kijani. Genoveva alipoinjika sufuria ya ugali wa kwanza, Projestus aliuzima moto mwenyewe. Yachanganywe na makavu yauzwe, alisema, hasara hiyo ingefunga ghala. Na binti akithubutu kusema nje, atakuwa amelizika jina la babu yake.

Genoveva akanyamaza. Lilikuwa kosa, simtetei. Kumdanganya Fakihi hakuweza, basi akaacha kupokea simu zake. Siku ya nne Fakihi alikuwa ameshaamini kuwa ndugu wa Genoveva wamemkataa kwa sababu ya dini, akawaambia washenga wasiende.

Alhamisi asubuhi karani wa ghala akataja, kama jambo la kawaida, kwamba gari la Fakihi lilibeba magunia ishirini ya mahindi yale tangu Jumatatu. Genoveva akampigia Fakihi simu.

"Kama ni dini ungeniambia tu, mpenzi," Fakihi alisema. "Ningeumia, ila ningeelewa."

"Sio dini. Ni mahindi. Yameoza."

Mashine ilisikika ikinguruma nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Nyie si mnakulaga kwanza?"

"Safari hii hatukula. Baba alikataa."

"Unga wake nilipeleka shule juzi, Geno. Wanakunywa uji saa nne."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mlangoni Projestus alimwambia akitoka asirudi. Alitoka, akadandia bodaboda, akalia njia nzima.

Alimkuta Fakihi langoni mwa shule, nguo nyeupe kwa unga. Fakihi alikuwa amewahi, uji wa siku ile ulishamwagwa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshika daftari la mahudhurio: wanafunzi kumi na mmoja hawakufika, wanatapika tangu jana. Akauliza unga ule umetoka wapi.

"Kwangu," Fakihi akasema.

Genoveva alimshika mkono. Fakihi hakuuondoa.

"Mwalimu, andika Genoveva Projestus," Genoveva akasema. "Mahindi ni ya kwetu, na nilijua."