Chombo Chenye Mwandiko wa Bibi

Kila Jumatano nikitoka shule huingia jikoni kabla sijavua hata soksi. Mama anauza miwani katika duka moja mjini Andong, hapa Korea, na harudi mpaka saa moja jioni. Baba yuko kwenye meli za mizigo. Njaa yangu basi ni kazi yangu mwenyewe, nami hupika wali wa kukaanga kwa kimchi.

Unachukua wali wa jana, maana wa leo una maji mno, utakuletea uji. Kimchi, yaani kabichi yetu iliyochachushwa na pilipili, unaikata kwa mkasi ndani ya bakuli. Unaikaanga mpaka ing'ae, unatia wali na vijiko viwili vya maji mekundu ya kimchi, kisha mafuta ya ufuta, na yai juu. Halafu unatulia, unauacha wali ushike ukoko chini ya kikaango. Mimi kutulia ndiko kunakonishinda.

Kingine kinachonishinda ni mdomo. Darasa la sita zima lilishaambiwa kwamba hakuna anayenifikia kwa wali ule. Kwa hiyo Jumatano moja ya mwezi wa tatu, baridi bado haijaisha, rafiki yangu Eunsol akanifuata nyumbani kuhakikisha.

Alikula kijiko cha kwanza, akatazama dari. "Si mbaya, Daon. Ila kimchi yenu changa. Kwa shangazi yangu ukila, uchachu unakupiga mpaka masikioni."

"Changa? Wewe unajua nini kuhusu kimchi?"

"Najua hii ni changa. Ulijisifu sana, bwana. Mpishi mzima, halafu huu wali wa watoto wachanga!" Akacheka huku anakula.

Nilipandwa na hasira. Nikaenda kwenye friji ndogo ya kimchi, nikapekua mpaka chini kabisa. Pale palikuwa na chombo chenye plasta nyeupe juu ya kifuniko, na kwenye plasta mwandiko wa Bibi umeandika mwezi na mwaka. Kilikuwa na miaka mitatu. Mama alikuwa ameniambia waziwazi, "Hicho cha Bibi, mkono wako usifike." Bibi mwenyewe hakuwepo. Aliteleza kwenye barafu mbele ya jengo letu, akavunjika nyonga, na alikuwa hospitali tangu mwezi uliotangulia.

Ndani kilibaki kipande kimoja cha kabichi. Nikajiambia jani moja tu. Nikakata moja, nikakaanga. Lo! Harufu ilijaa nyumba nzima, na Eunsol akaanza kula kabla sijakaa. Alipomaliza akaniletea bakuli lake tupu kwa mikono miwili, kama anampa mwalimu daftari. Ningekataaje? Nilikata lingine, na lingine. Tulikaanga kikaango cha pili, tukagombania ukoko kwa vijiko. Nilipokuja kushtuka, chombo kilikuwa na maji mekundu matupu. Hayo sikuthubutu kuyamwaga. Nikafunga kifuniko, nikakirudisha chini kabisa.

Jioni Mama aliingia na koti lake mwilini, akakaa hapo hapo mlangoni. "Bibi anatoka Jumamosi."

"Anatoka! Mbona umenuna basi?"

"Hali chakula, Daon. Vijiko vitatu, anasukuma sinia. Asipokula hapati nguvu, na asipopata nguvu hatembei. Mjomba wako anasema tumpeleke kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Eti ameshazungumza nao." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nimemwomba anipe wiki moja. Bahati nzuri nimemwekea kipande cha mwisho cha kimchi yake mwenyewe. Hicho hatakikataa."

Nikasema, "Ngoja nikatoe takataka," na takataka zenyewe nilikuwa nimeshazitoa.

Alhamisi sikukaa kwenye kiti. Mwalimu aliniuliza kama nina chawa. Nilipotoka shule nilikimbia dukani, nikanunua kimchi ya pakiti, ile ya juzi juzi, bado mbichi mbichi mdomoni. Nikaitia kwenye chombo kingine, nikaimiminia siki. Kisha nikakumbuka kwamba joto huchachusha haraka. Sakafu zetu zina mabomba ya maji moto chini yake, na chumbani kwangu pana pahali penye joto kuliko pote. Nikakiweka chombo hapo, nikakifunika blanketi, nikafunga mlango. Nilitaka miaka mitatu iishe kwa siku mbili!

Ijumaa niliporudi, ngazini tu nikasikia harufu. Kimchi ilikuwa imevimba na kurusha kifuniko. Blanketi jekundu, sakafu nyekundu, soksi zangu zinaelea. Kimchi iliyobaki chomboni nikaificha kwenye friji, nikasugua mpaka magoti yakachubuka, nikafungua madirisha yote kwenye baridi ile. Mama alipouliza mbona nyumba imekuwa barafu, nilijibu kwamba ninapenda hewa safi. Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Uongo mmoja ulikuwa umeshazaa wa tatu, nami sikuona pa kushukia.

Jumamosi Bibi aliletwa. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini aliponiona alinyoosha mikono. "Umerefuka, wewe. Nani amekuruhusu kurefuka mimi sipo?"

Nikamkumbatia haraka nisimtazame machoni. "Mama, kaa na Bibi," nikasema. "Nitaandaa mimi." Mama akafurahi, maskini. Nikaipanga kimchi yangu ya siki kwenye sahani nyeupe, nikaileta pamoja na wali wa moto.

"Ni ile yako, Mama," mama yangu akamwambia Bibi. "Kipande cha mwisho. Nimekulindia."

Uso wa Bibi ulichangamka. Alishika vijiti, akachukua jani, akaweka juu ya wali, akala. Akatafuna mara mbili, kisha akaacha kutafuna. Akaviweka vijiti chini taratibu.

"Hii si yangu."

"Ni yako, Mama. Imetoka kwenye chombo chako."

"Mimi hii siijui."

"Mama, hakuna aliyeigusa. Mimi mwenyewe nilikataza. Jaribu tena, tafadhali."

Bibi akajaribu tena. Aliitazama sahani, akamtazama binti yake, halafu akaitazama mikono yake mwenyewe. "Basi labda ni yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Labda kichwa ndicho kimeharibika. Pale wodini kulikuwa na mama mmoja, alianza hivi hivi. Alianza kwa kusahau ladha ya chakula, akaishia kuwasahau watoto wake."

Mama akainuka. Alikwenda karibu na dirisha na simu, akatugeuzia mgongo, lakini nyumba yetu ni ndogo. "Kaka, ulikuwa unasema kweli," alimwambia Mjomba. "Hata kimchi yake haijui tena. Sitaweza peke yangu. Ndiyo... ndiyo, waambie Jumatatu."

Bibi alisikia. Hakubisha. Yeye aliyekuwa akibishana na wauza samaki sokoni mpaka wanampa samaki wa nyongeza, alikunja mikono mapajani tu.

Hapo sikuweza tena. "Si yake!" nikapiga kelele. "Mama, kata simu! Si yake, ya dukani! Nimetia siki! Ya Bibi niliila mimi, mimi na Eunsol, Jumatano!"

Mama aligeuka. Simu ilikuwa bado inaongea mkononi mwake. "Umesema nini?"

Nikasema yote, blanketi, soksi na hewa safi. Nilikuwa nalia mpaka kamasi zinanitoka. Nilimwona Mama anapumua kwa nguvu, nikajua sasa ninapigwa. Lakini kabla hajafika, Bibi alipiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka.

"Kumbe ulimi wangu mzima!" akasema. "Wewe, mpigie kaka yako. Mwambie Jumatatu mimi siendi popote. Na ukimaliza kumpigia, usimguse mtoto. Nina kazi naye." Akanigeukia. "Maji yake umeyamwaga?"

"Sijayamwaga, Bibi. Yamo kwenye chombo."

"Afadhali una akili kidogo. Futa kamasi, nawa mikono. Hiyo takataka yako ya siki ioshe, uikamue mpaka ilie. Wali wa jana upo?"

Alisogezewa kiti mlangoni pa jikoni, akaniamuru kama askari. Punguza moto. Usikoroge ovyo, wali si saruji. Sasa maji yangu, vijiko vinne, usiwe bahili. Yale maji mekundu yalipogusa kikaango, harufu ya Jumatano ikarudi, na Bibi akafumba macho. Nikataka kupakua. "Nani amekuambia?" akauliza. "Subiri ukoko." Nikasubiri nikihamisha uzito mguu huu na mguu ule, Bibi ananitazama tu.

Alikula bakuli zima, akadai ukoko. Mama alikaa pembeni anamtazama, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Bibi alipoweka kijiko chini, akaniita nikae mbele yake.

"Kimchi nilitengeneza iliwe," alisema. "Kwa hiyo kuila umekosa, maana ulikatazwa, lakini hilo linasameheka leo leo. Hili lingine lisikie vizuri. Nilikaa pale nikauamini uongo wako kuliko ulimi wangu mwenyewe. Mama yako pia aliuamini, akakaribia kunitoa nyumbani kwangu. Ulidhani unaficha kabichi, Daon, kumbe unanivua akili zangu, mimi niliye mzima. Ukikosea, njoo useme siku ile ile, kosa likiwa bado dogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Adhabu iko palepale."

Adhabu ilikuja mwezi wa kumi na moja, siku ya kutengeneza kimchi ya mwaka. Kabichi arobaini nilizipasua na kuzitia chumvi peke yangu, jani kwa jani, na Eunsol akajileta mwenyewe kunisaidia kuziosha. Vidole vilituwaka. Bibi, aliyekuwa sasa anatembea kwa fimbo, alipita akionja beseni moja baada ya jingine.

"Hili chumvi haijatosha," akasema kwenye la tatu.

Mimi nilikuwa nimelionja, nikaona limetosha. Nikamtazama Mama. Mama hakuonja wala hakuuliza. Alichota chumvi akaongeza.

Kisha Bibi akanipa kalamu na plasta, niandike mwezi na mwaka kwenye kifuniko kwa mwandiko wangu.